Mtu Wangu Nilimwacha Apite

Jumapili, saa saba na nusu mchana. Mvua imenyesha tangu alfajiri na sasa imekata, lakini upande wa Alunguli, ng'ambo ya mto, mbingu bado imevimba. Joto limerudi. Niko kwenye benchi mbele ya nyumba ya Amisi, hapa Mikelenge, mjini Kindu. Simu ina nusu ya chaji. Naandika.

Saa kumi watakuja kumchukua Amisi.

Wamesema ni mazoezi. Wamesema atarudishwa. Nimekaa hapa tangu saa tano, na kadiri ninavyoyarudia maneno hayo ndivyo ninavyozidi kutoyaamini.

Niseme mapema, nisije nikajificha nyuma ya maneno mengi. Kosa ni langu. Amisi alifanya kazi yake jana, mimi sikufanya yangu.

Ninyi wachache mnaopita kwenye ukurasa huu mmezoea kunisoma nikijisifu. Pointi ngapi nimefunga, nani nimemwacha amekaa chini akitafuta kiatu, mama gani muuza karanga kanipa karanga za bure kwa furaha. Kwenye uwanja wetu wa mpira wa kikapu naitwa Trente, yaani thelathini kwa Kifaransa, kwa sababu siku moja nilifunga pointi thelathini dhidi ya timu ya Alunguli, na watu wa Kindu wakishakupa jina huwezi kulirudisha dukani. Nimelivaa miaka sita. Hata muuza mkate wa asubuhi anaita Trente, na mimi napunga mkono kama waziri.

Kufunga nilijua. Kukaba, wee, kukaba kwangu kulikuwa aibu ambayo sikujua ni aibu.

Mtu akinijia na mpira, nilikuwa narudisha mguu wa kushoto nyuma, nainua mikono yote miwili juu, viganja wazi, nampisha. Apite, afunge, mpira urudi kwetu, nami niende kufunga mara mbili. Sikuwa peke yangu. Wakubwa wote wa uwanja wetu, ule wa saruji karibu na reli, wanacheza hivyo hivyo, na mguu ni ule ule wa kushoto. Sisi tuliofuata tuliiga bila kuuliza. Tulisema ndiyo staili ya Kindu, tena tulikuwa tunaringa nayo.

Mwaka juzi alitufikia kocha kutoka Kisangani. Ni sista. Tunamwita Ma Sœur tu, hana haja ya jina lingine. Anavaa kitambaa chake kichwani na raba miguuni, na sauti yake inavuka reli bila kungoja kizuizi. Wiki ya kwanza alitutazama tu. Siku ya Jumamosi akasimamisha mchezo, akaniita katikati ya uwanja, akaniuliza nani aliyetufundisha kujisalimisha.

Tulicheka. Nikamwambia, Ma Sœur, hiyo ni staili. Akanitazama sana. Akauliza ni staili gani ya mikono juu.

Akaanza na mimi. Mwezi mzima alikataa kuhesabu pointi zangu. Nafunga, anageuka kumtazama mwingine. Nilimchukia, Mungu anisamehe, nilimchukia mtumishi wake. Alinifunga mikono nyuma kwa leso ili nijifunze kutangulia kwa miguu. Alisema nisitazame uso wa mtu wala mpira, nitazame kiuno, kwa sababu uso unadanganya na kiuno hakijui kudanganya. Mapaja yaliwaka moto mpaka nikawa nashuka chooni nimeshika ukuta. Amisi ndiye aliyekuwa ananijia na mpira, mara mia, mara mia mbili, bila kuchoka na bila kunicheka.

Amisi ni mjenzi. Mrefu, mpole mpaka anakera, ukimtukana anakuuliza kama umekula. Kwenye timu hafungi sana. Kazi yake ni kusimama karibu na ringi na kumsaidia aliyepitwa. Ukiachwa nyuma, unasikia tu hatua zake zinakuja, halafu ule mkono mrefu unaupiga kofi mpira, paa! Hiyo ndiyo furaha yake hapa duniani, baada ya mke na watoto.

Siku moja Ma Sœur alichora kwa chaki kwenye saruji. Duara mimi, duara Amisi, msalaba adui. Akavuta mstari kutoka kwenye msalaba, ukanipita, ukafika kwa Amisi. Akasema:

"Ukimupisha muntu wako, haendi kwa ringi. Anaenda kwa mwenzako."

Niliielewa siku hiyo, au nilidhani nimeielewa. Polepole nikaanza kukaba. Mechi ya kwanza niliyomzuia mtu nusu nzima asipate hata kikapu kimoja, nilifunga pointi tisa tu, na nilirudi nyumbani naimba. Nilikuwa mtu mpya. Niliandika hapa hapa, mnakumbuka, nikajisifu hata kwa hilo.

Aliyekataa kufurahi ni baba.

Baba yangu, mzee Salumu, ni fundi baiskeli. Yeye ndiye aliyenitia mpira mkononi. Enzi za vita, mimi nikiwa bado nanyonya, alikuwa mfungaji wa kwanza wa mji huu, na wazee bado wanasimulia. Alinifundisha kila kitu mwenyewe, na ule mguu wa nyuma na mikono juu pia. Alipokuwa anauonyesha alikuwa anashika mikono yangu na kuipandisha zaidi. Juu zaidi, anasema, viganja vionekane. Nilikuwa na miaka minane.

Basi siku niliyoupiga mpira kofi mara ya kwanza, watu wakapiga kelele, nikatafuta uso wake pembeni. Alikuwa amesimama. Akakunja kiti chake, akaondoka mchezo haujaisha. Nyumbani akaniambia kwamba anayejua kufunga hana haja ya kukaba, hiyo ni kazi ya wasiojua kitu. Tulikosana. Nilisema ni wivu wa mzee. Nililisema mbele yake.

Halafu mwezi uliopita wakaja hawa.

Sitaandika ni watu wa nani. Wenye silaha. Aliye Kindu anajua, asiye Kindu haitamsaidia. Watu wa Pangi, wakikimbia mapigano, walikuwa wameshaanza kuingia mjini na magodoro kichwani na kuku mkononi, na bei ya chumvi ilishapanda, kwa hiyo hatukushangaa. Mkubwa wao alikuja uwanjani siku ya tatu. Ni mtu wa miaka arobaini na kitu, mzito kidogo, na lazima niseme kweli, mpira anaujua. Walinzi wake waliegemeza bunduki ukutani, isipokuwa mmoja aliyebaki na yake, wakaingia kucheza naye. Tukaambiwa tuendelee, tusiogope.

Ma Sœur alikunja mikono. Alituambia tukitaka kucheza tucheze, tukiogopa turudi nyumbani, lakini tusicheze nusu. Akaninyooshea kidole, akasema yule ni mtu wangu.

Nikamkaba. Kwa adabu, bila kumgusa, bila kuupiga mpira wake, ila nilikuwa mbele yake kila alikogeuka, macho kwenye kiuno. Alikosa mara tatu. Uwanja ukawa kimya hivi kwamba nilisikia mtu anamenya karanga. Halafu akacheka, akanipiga bega, akasema hatimaye kapata mtu asiyemdanganya. Wiki tatu tulicheza hivyo. Nilizoea. Ndiyo ubaya wa mwanadamu, anazoea. Nilianza hata kusema mjini kwamba yule mkubwa ananiheshimu.

Jana ilikuwa Jumamosi. Alifika amechelewa. Asubuhi magari mawili yalikuwa yamerudi kutoka njia ya Pangi, na nilisikia yana majeruhi. Hakusalimia. Walinzi nao hawakutaniana. Tulicheza, na kila mtu alitamani mvua inyeshe tumalize, lakini mvua ya jana ilikataa.

Mpira wa mwisho. Tunaongoza kwa kikapu kimoja. Anao mkononi, ananijia.

Nilimtazama usoni.

Sijui kwa nini. Miaka miwili sikuwa nimemtazama mtu yeyote usoni akiwa na mpira. Macho yake hayakuwa na mchezo ndani. Na mwili wangu, huu niliouchosha kwa leso na chaki, ukasahau yote kwa mara moja. Mguu wa kushoto ukarudi nyuma. Mikono ikapanda, viganja wazi. Nilijiona ninavyofanya, nikashindwa kuacha. Alinipita karibu kabisa, nikasikia jasho lake.

Na Amisi akaja.

Kwani angefanya nini? Mwenzake amepitwa, yeye ni msaada. Alikuja vile alivyofundishwa, akaruka, akaupiga ule mpira kofi la maisha yake, akaangukia mgongo. Mpira ukaruka mpaka ukutani, ukagonga bunduki moja, ikaanguka chini na kutoa sauti kwenye saruji.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama muuza karanga alianza kukusanya vitu vyake.

Mkubwa alicheka. Alimsaidia Amisi kusimama, akampangusa vumbi mgongoni, akamuuliza jina. Akamuuliza anafanya kazi gani, anakaa wapi, nyumba inatazama wapi. Amisi, kwa upole wake, akaeleza yote, mpaka rangi ya mlango. Mkubwa akasema kijana huyu ana kipaji, kesho saa kumi watamfuata nyumbani, wakafanye mazoezi kambini. Mimi hakunitazama hata mara moja.

Tulirudi tukikokota baiskeli, Amisi na mimi. Nilingoja anilaumu. Angenitukana ningepona. Alichoniuliza ni kama nilikuwa nimechoka. Nikasema ndiyo, nilichoka, yaani nikamdanganya pia. Akasema basi, ulipitwa, nami nikaja, si ndiyo kazi?

Leo asubuhi Ma Sœur alikwenda mwenyewe kambini kumwombea Amisi asichukuliwe. Alirudi saa tatu. Alitueleza kwamba alipokelewa vizuri, akapewa kiti na soda, akaambiwa asiwe na wasiwasi. Soda hakuinywa. Kisha akasema, polepole, kwa sauti ambayo haikuvuka hata kizingiti:

"Ule mukubwa iko na adabu sana. Hiyo njo inaniogopesha."

Tumeuliza kama Amisi akimbie. Kuvuka kwenda Alunguli haiwezekani, wako kwenye gati zote mbili. Kushuka Kibombo kwa baiskeli ingewezekana kwa mtu peke yake, lakini Mwayuma mkewe amejifungua, mtoto ana siku sita. Kesho ndiyo siku ya saba, siku ya kumpa jina. Mchele umeshanunuliwa. Na Amisi mwenyewe ameshupaa. Akimbie nini, anasema, amezuia mpira tu. Akikimbia, mlango ambao mkubwa anaijua rangi yake utabaki na nani ndani?

Mwayuma yuko nyuma, anatwanga sombe, majani ya muhogo. Sijawahi kusikia mtu anatwanga hivyo, bila kupumzika. Tangu nimefika hajanitazama. Amisi hajamwambia mtu jina alilomchagulia mtoto, ndivyo kwao, jina linasubiri siku yake. Saa sita Mwayuma alimwomba amnong'oneze tu. Amisi akasema kesho.

Saa nane na robo. Nimesimama kidogo, nimekunywa maji, nimerudi. Sasa niandike la baba, ambalo ndilo zito.

Asubuhi baada ya Ma Sœur kuondoka nilikwenda nyumbani kumwambia baba yaliyotokea. Alikuwa amepindua baiskeli ya mteja, ananyoosha gurudumu. Nilimweleza kwa kifupi. Nilipofika pale mkubwa alipouliza nyumba inatazama wapi, baba akaliachia gurudumu, likazunguka peke yake mpaka likasimama. Akaniambia nikae. Akanieleza jambo ambalo hajawahi kulieleza, hata kwa mama.

Enzi za vita, mji ulipofungwa pande zote, treni haiji, chumvi inapimwa kwa kijiko, kulikuwa na mkubwa wa namna hii hii aliyependa basket. Jina lake baba hakulitaja. Kila Jumamosi alitaka mechi, na walinzi wake walikaa ukutani na bunduki mapajani. Hakuna aliyetunga sheria, ila kila mtu aliijua. Akikujia na mpira, rudisha mguu nyuma ili apite, na uinue mikono juu sana, viganja wazi, ili wale wa ukutani waone kwamba hukumgusa bosi wao.

Hiyo ndiyo staili ya Kindu. Hiyo ndiyo niliyokuwa naringa nayo.

Baba alikuwa na rafiki, Feruzi, mtu wa kijiji cha Tunda, aliyekuja mjini kufanya kazi ya reli pamoja naye. Feruzi alikuwa na kichwa kigumu na mkono mrefu. Siku moja yule mkubwa alikuwa mtu wa baba, baba akampisha vizuri kama kawaida, na Feruzi akatoka alikotoka akaja kusaidia. Akaupiga kofi. Yule mkubwa akacheka, akamwuliza Feruzi anakaa wapi. Kesho yake likaja gari, wakasema wanampeleka kucheza Kasongo.

Baba alikuwepo gari lilipokuja. Alisimama hatua chache tu. Kuna maneno yalikuwa kinywani mwake, "Feruzi hana kosa, mtu alikuwa wangu, nilimpisha mimi." Hakuyasema. Feruzi alipopanda garini alimwinulia mkono kumuaga, na baba akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Hakurudi. Mama yake alituma watu kutoka Tunda, mara mbili, kuuliza. Mara zote mbili baba alikuwa hayupo nyumbani, yaani alikuwepo, amejifungia. Mpaka leo hajakanyaga Tunda. Jina la Feruzi halikuandikwa mahali popote, wala msikitini, wala kazini, wala kwenye jiwe. Liko kwa baba tu, na sasa kwangu.

Nilimuuliza kwa nini basi alinifundisha mimi ule mguu. Nilimuuliza kwa hasira, lazima nikiri. Alijibu bila kuinua kichwa.

"Nilitaka uishi."

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Miaka miwili Ma Sœur alikuwa anafuta kwa chaki, na baba alikuwa ameandika kwa woga, na woga ndio ulioshinda jana. Simlaumu. Nataka kumlaumu na siwezi. Niliona mikono yake imejaa grisi inatafuta pa kushika, nikaondoka bila kuaga kwa sababu nilikuwa karibu kulia mbele ya mteja.

Saa tisa na nusu.

Baba amekuja. Nilikuwa nimeinamia simu hii, nikasikia kiti kinakunjuliwa. Amevaa shati lake la Idi. Mikono ameiosha lakini grisi bado imebaki kuchani. Amekaa baina ya mlango na njia. Amisi alitoka ndani kumsalimu, akamletea chai. Baba akamtazama yule kijana kutoka miguuni mpaka kichwani, kwa namna ambayo ilimfanya Amisi aone haya, akarudi ndani.

Nikamwambia baba nilichokusudia. Wakifika nitasimama, nitasema Amisi hana kosa, mtu alikuwa wangu, nilimpisha mimi, kama ni mazoezi basi nichukueni mimi ninayeyahitaji. Tangu asubuhi nayapanga. Nimeyasema kwa sauti kule chooni ili yasije yakanikwama.

Akatikisa kichwa. Akasema:

"Maneno hayo njo ya kwangu. Niko nayo tangu ungali mutoto. Niachie niyaseme miye."

Tumebishana, kwa sauti ya chini, Mwayuma asisikie. Nilimwambia huyu wa sasa si yule wa zamani, hatamwelewa mzee. Nilimwambia alikuwa mtu wangu, si wake. Akasema mwanawe akipitwa, nani anakuja kusaidia? Tumekubaliana tutasimama wote wawili, na atakayetangulia kupata sauti ndiye atakayesema.

Naogopa. Niliandika sentensi ndefu hapa kuhusu ujasiri nikaifuta. Naogopa, na naona aibu kwamba sehemu moja ya akili yangu inaniambia njia ya nyuma ya nyumba haina mtu, inatoka moja kwa moja mpaka relini. Sehemu hiyo inasema polepole, kwa adabu sana. Nimekaa juu ya mikono yangu kwa dakika nzima. Sijaenda.

Nimemuuliza Amisi kama naweza kuandika jina lake hapa. Alifikiri. Mwayuma ndiye aliyejibu kutoka nyuma, na ndiyo mara ya kwanza kunisemesha leo. Aliacha kutwanga. Alisema niandike, na niandike na kazi yake, na kwamba ana watoto wawili, isije ikasemwa alikuwa mtu wa hivi hivi.

Saa kumi kasoro dakika chache. Mtandao umekuja, mistari miwili, inatosha. Nasikia pikipiki upande wa msikiti, zaidi ya moja. Baba amesimama. Amisi amefunga vifungo vya shati mpaka juu. Nachapisha haya sasa bila kuyasoma tena, mnisamehe makosa.

Kesho ni siku ya saba ya mtoto wa hapa, na mchele upo. Ikifika adhuhuri hamjaona neno langu, ulizeni. Msiulize tu wale wachezaji wako wapi, hakuna atakayewajibu. Ulizeni kwa majina. Amisi Kabemba, mjenzi, wa Mikelenge, baba wa watoto wawili. Salumu Lukali, fundi baiskeli. Na mwanawe, Yusufu, ambaye ndiye mimi.

Na mkishauliza, mwulizieni na Feruzi wa Tunda.